Mto Uliokupwa

Mimi na kaka yangu ndio watoto pekee pale Kibiti tulioshindwa kila siku kwenye mchezo wa boti, na tulishindwa kwa sababu boti tulizijua. Likizo tulikuwa tukitoka kwetu Salale, deltani ambako mto hujaa na kupwa pamoja na bahari, kwenda kukaa kwa mjomba, ndugu wa mama, aliyekuwa na duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi kando ya barabara ya Lindi. Mjomba alikuwa na kompyuta moja kubwa ya mezani, ya mtumba, kioo chake kina kisogo kirefu hadi kinagusa ukuta. Kazi zikiisha aliwaruhusu watoto wa mtaa wacheze. Mchezo ulikuwa mmoja tu: boti sita, mto wa kona nyingi, na anayefika kwanza darajani ndiye mshindi.

Sasa, mto ule haukuwa na maji. Leo sababu naijua: kompyuta ya mjomba ilikuwa na kadi dhaifu ya picha, haikuweza kuchora maji, ikaishia kuchora kilichokuwa chini yake, yaani tope la kijivu na mafungu ya mchanga kutoka ukingo mpaka ukingo. Watoto wa Kibiti, watu wa barabarani wale, hawakuona tatizo lolote. Walipita juu ya tope mwendo wa kasi utadhani wako kwenye lami. Kaka, aliyenizidi miaka mitatu, alikitazama kioo siku ya kwanza akatoa hukumu: "Maji yamekupwa haya. Tungoje yajae."

Tukangoja, wallahi. Tuliiacha boti pale mwanzoni, tukaenda kula, tukaswali Magharibi, tukarudi kuangalia kama maji yameanza kuingia. Kwetu Salale hakuna mwenye akili zake anayetoka na boti maji yakiwa yamekupwa, maana utakwama kwenye tope nusu siku nzima na mbu wakumalize. Mjomba alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya tatu, maji hayana dalili, kaka akaamua kuutafuta mkondo, ile njia nyembamba yenye kina ambayo hubaki hata maji yakitoka. Aliona sehemu tope limekoza rangi kidogo, akaifuata taratibu, kona baada ya kona. Akashika mkia, siku hiyo na siku zote. Mtoto aliyekatiza juu ya fungu alifokewa na kaka, "Utaipasua boti ya watu, wewe!" Mbele za watu nilimtetea kaka yangu. Rohoni nilitamani kwa kufa na kupona niuone ule mto umejaa, hata mara moja.

Kaka alikuja kuwa nahodha kweli, akawa anapeleka abiria kwa boti ya injini kati ya Salale na Mbwera. Na alikuwa na mdomo! Abiria akipanda na mzigo wa kupitiliza, atataniwa tangu anapanda mpaka anashuka, na mwenyewe anacheka. Mimi niliyerithi duka la mjomba sikusalimika, maana kila akija Kibiti alikuwa na jipya la kusema kuhusu mapishi yangu, mume wangu au viatu vyangu. Nilikuwa namjibu, tunabishana, chai inapoa.

Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mkono wa kushikia usukani ukalala, na katika maneno yake yote yakabaki manne: ndiyo, hapana, chai, basi.

Tulimleta kwangu awe karibu na mazoezi. Mtaalamu alinipa mpira laini, akasema mgonjwa aubonye mara kwa mara, au vidole vipewe kazi yoyote atakayoipenda mwenyewe. Kaka aliutazama ule mpira, akautupa uvunguni kwa mkono wa kushoto. Nikauokota. Akautupa tena. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikanuna, mwezi ukapita na kidole hakijatikisika. Lakini nisiseme uongo, mkono haukunitisha kama ule ukimya. Nilikuwa nimemkosa kaka yangu, naye yupo barazani kwangu, namwona.

Ndipo nikaukumbuka mchezo. Diski niliikuta kwenye kabati la mjomba, nikaazima kifaa cha kuisomea, nikaiweka kwenye kompyuta yangu mpya ya dukani. Mlio wa injini ukasikika, lakini kioo cheusi tii. Nikaanza kuuliza mtandaoni, nikajifunza kwamba michezo ile ya zamani huiomba kompyuta picha kwa lugha ambayo kadi za siku hizi zimeisahau. Dawa yake ni faili dogo linalokaa katikati, linapokea maombi ya mchezo kwa lugha ya zamani na kuyapeleka kwa lugha mpya. Wenyewe wana jina lao la Kiingereza, mimi nililiita mkalimani.

Mkalimani alinitoa jasho wiki mbili. Nilikuwa nimemficha ndani kabisa, kwenye mafaili ya mfumo wa kompyuta, kumbe anatakiwa kukaa folda moja na mchezo, ubavuni pake. Nilipomhamisha, mchana mmoja, mteja akiwa anasubiri fotokopi ya cheti chake, mto ukatokea. Na maji! Maji ya kijani yenye viwimbi, yamejaa kutoka ukingo mpaka ukingo. Nilipiga yowe, mteja akarukia mlangoni akidhani shoti ya umeme. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wa sekondari, nikalia kwa furaha kwa ajili ya maji ya mchezo.

Baada ya Alasiri nikampelekea kaka kompyuta barazani. Nikamwekea meza, nikafungua, nikarudi nyuma nimwangalie uso. Alikitazama kioo kona kwa kona.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini, kaka? Si mchezo wetu huu? Angalia, maji yamejaa!"

"Hapana."

Nikapandwa na hasira. Nilimwambia wiki mbili silali vizuri kwa ajili yake, nikamwambia kama hataki kupona aseme tujue moja. Maneno mabaya, najuta mpaka leo. Yeye hakunitazama. Aliinua mkono wa kushoto, akaweka kidole kwenye kioo, akachora njia juu ya maji: akapinda huku, akapinda kule, akasita, akatikisa kichwa, akaanza upya. Ndipo nikaelewa. Alikuwa anautafuta mkondo. Mto alioujua yeye ulikuwa chini, na mimi nilikuwa nimemfunikia njia.

Mkalimani ana ukurasa wa mipangilio, na pale unaweza kumwambia ajifanye kadi ya zamani ya aina unayotaka. Nilichagua iliyo dhaifu kuliko zote. Moyo uliniuma, sifichi, kwa sababu maji yale niliyasubiri tangu utotoni na nilikuwa nayo kwa saa chache tu. Nikahifadhi, nikafungua mchezo upya. Tope la kijivu, na mafungu.

Kaka akasogeza kiti. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauinua, akaulaza kwenye kibodi, kidole cha shahada juu ya kitufe cha mbele. Boti tano zikaondoka na kupotelea kwenye kona. Yake imesimama. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, mshipa wa shingo ukamsimama, nami nimeziba mdomo kwa kanga nisije nikasema neno. Kidole kikajikunja. Boti ikasogea kidogo sana, ikasimama. Kikajikunja tena.

Alifika kona ya kwanza muda mrefu baada ya wenzake kumaliza mbio, na akaipita kwenye tope lililokoza, mbali na fungu. Nilikuwa nimeinama mbele yake bila kujijua, machozi yananichuruzika, nakikodolea macho kile kidole. Nikasikia anahangaika na koo, anasukuma neno moja, kisha jingine, mdomo umekwenda upande.

"Sogea," akasema. "Kichwa... kikubwa hicho... kimeziba mto mzima."

Nikasogea.