Hita ya Gari la Kapteni

Siku yangu ya kwanza kazini, Fomeni wa gereji yetu pale Kisenyi, Kampala, alinipa spana, akanionyesha gari lililokuwa limechemka, akasema, "Toa themostati, tupa." Nilikuwa mkimbizi kutoka Bunia, nina cheti cha ufundi ambacho hakuna aliyetaka kukisoma, na sikutaka kuonekana mbishi. Nikatoa, nikatupa.

Huenda ninyi vijana hamkijui kidude hicho. Ni vali ndogo inayokaa pale maji yanapotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, vali hufunga njia ili maji yapate moto upesi. Yakishapata moto, hufungua. Ikikwama imefungwa, injini inachemka na kuharibika. Fomeni alikuwa Mganda mpole wa makamo, aliyeita rejeta "lejeta", na hoja yake ilikuwa moja tu: Kampala hakuna baridi, kwa hiyo themostati ya nini? Chini yake nilizitoa nyingi mno.

Kisha wanajeshi wakashika nchi. Wenye gereji, Wahindi, waliamriwa kuondoka, na gereji ikapewa Meneja mpya, sajenti wa zamani asiyejua plagi ni nini. Sisi mafundi tulibaki kama viti vilivyoachwa ndani ya nyumba. Vipuri vikaisha madukani. Mpira wa maji ukipasuka, tuliuzungushia mpira wa baiskeli na waya, tukaomba Mungu.

Ndipo siku moja ya mvua Kapteni akaleta gari lake. Lilikuwa gari la kuunganisha: mwenyewe huagiza vipande ng'ambo, vikaja sandukuni, kisha hufunga bodi ya faibaglasi juu ya injini na magurudumu ya gari la kawaida. Aliyeliunganisha alikuwa ameondoka nchini na begi moja. Hakuwa ameweka hita ya kupasha joto ndani.

"Fundi, mvua ikinyesha mimi haoni kitu," Kapteni alisema. "Kioo inajaa ukungu. Nataka kioo safi. Na joto. Joto ifike mpaka nyuma."

"Mpaka nyuma, afande?"

"Nyuma. Ijumaa iwe tayari."

Mkewe alikuwa kiti cha nyuma na mtoto mchanga kifuani. Hakushuka. Muda wote alitazama lango la gereji.

Kwenye gari bovu lililotupwa uani nilichomoa kirejeta kidogo cha hita na feni yake. Nilichukua maji ya moto kichwani mwa injini, nikayapitisha kwenye kirejeta chini ya dashibodi, nikayarudisha kwenye pampu. Kwa mabati ya madebe ya oili nilitengeneza njia ya hewa yenye mdomo mwembamba chini ya kioo cha mbele, na nyingine ya kwenda nyuma. Hewa niliivuta kutoka nje, maana ile ya ndani imeshabeba pumzi za watu, nayo ndiyo inayolowesha kioo. Nikaziba kila tundu moshi usiingie. Jumatano nikawasha. Hewa ikaja vuguvugu, kama pumzi ya mgonjwa.

Nilijua kwa nini. Themostati haikuwepo, sisi wenyewe tuliitoa zamani, gari likiwa bado la mwenyewe wa kwanza. Bila hiyo maji hukimbilia kwenye rejeta kabla hayajapata moto. Nikazunguka soko la Owino kutwa nzima, nikapata moja, kuukuu. Nyumbani niliichemsha kwenye sufuria ya mke wangu. Mara ya kwanza ikafunguka. Mara ya pili ikachelewa mpaka nikatokwa jasho. Mara ya tatu ikafunguka. Nikaifunga hivyo hivyo. Mtu aliyeharibu gari la afisa siku zile hakuulizwa maswali mengi.

Ijumaa nilimweleza Kapteni ukweli, nikampa spana. "Ikichemka, afande, subiri ipoe. Fungua kofia hii, toa hiki kidude, rudisha kofia. Utakosa joto lakini utafika."

"Hata ikichemka kwa mlima?"

"Sijasema mlima, afande."

Tukatazamana. Mlima, baridi, mtoto mchanga. Ile ni njia ya Kabale, na mbele ya Kabale ni mpaka wa nchi. Aliichukua spana, akaingia garini.

Kwenye kadi ya kazi nilikuwa nimeandika: hita, mbele na nyuma. Fomeni aliisoma, akaichana. Akaandika nyingine kwa mkono wake: kuondoa ukungu kwenye kioo. "Joto usiliandike, mwana wange," aliniambia polepole.

Jumatatu wakaja watu wawili wa usalama. Kapteni hakuwa ameonekana kambini. Meneja alisimama wima, uso umemshuka.

"Wanasema mlifunga hita," mmoja alisema. "Kampala kuna baridi gani?"

"Ni ya kioo, ssebo," Fomeni akajibu, akimwita bwana kwa Kiganda. "Mvua ikinyesha, ukungu."

Mvua ilikuwa inanyesha. Fomeni akamwomba aketi ndani ya gari lililokuwa pale, vioo vimefungwa. Dakika chache tu, kioo kikawa cheupe. Yule mtu akakifuta kwa kiganja. Kikawa cheupe tena. Akashuka, akaisoma kadi, akauliza, "Nani alifunga?"

Nilifungua mdomo. Fomeni akawahi: "Nilifunga mimi."

Wakamchukua. Mimi nikabaki nimesimama na kitambaa cha oili mkononi, na sikusema kitu. Alirudi baada ya siku tisa, mguu mmoja anauburuta, akauliza magari gani yameingia. Nilipojaribu kuzungumza alinikata: "Wewe mgeni hapa. Wewe wasingekurudisha."

Baada ya vita vilivyowaondoa wanajeshi wale nilihamia karakana ya mabasi, nikapanda hadi kuwa fomeni, nikastaafu na mgongo mbovu. Karibu na kustaafu, mama mmoja alikuja kututafuta, mimi na Fomeni wangu wa zamani. Alikuwa mke wa Kapteni.

"Ilichemka karibu na mpaka," alisema. "Mume wangu akaitoa kama ulivyomwambia. Tukavuka na baridi, mtoto tumemfunga ndani ya koti la jeshi."

Akaomba apelekwe kwa Fomeni amshukuru naye. Nikamwambia tumeshamzika, nikamsimulia zile siku tisa. Alikuwa hajui. Alikaa juu ya tairi, akalia.

Watu hunishukuru mimi kwa hita ile. Huwa nawajibu kwamba mikono ilikuwa yangu, lakini aliyesema "nilifunga mimi" ni mwingine, na kwamba siku ile nilikuwa na nafasi ya kumkanusha nikanyamaza. Nimezeeka nikiwa nalo hilo.