Suti ya Bibi Bunnam na Kikoti cha Waridi

Mwaka ule kijiji cha Dolmoe kilizika mabibi watatu, na wote watatu walitundikwa ukutani wamevaa kikoti kimoja.

Msinikodolee macho. Sikusema vikoti vinavyofanana. Nimesema kimoja, kile kile, kikoti cha hanbok, vazi la jadi la Korea, rangi ya waridi, na utepe wa kifuani uliofungwa kombo na mtu asiyejua kufunga. Alipokufa wa kwanza, watu waliingia, wakawasha ubani, wakasujudu mara mbili mbele ya picha yake, wakasema, "Masikini, kapendeza." Wa pili naye wakamwambia vivyo hivyo. Kwenye msiba wa tatu, Bibi Tak Bunnam aliyekuwa kapiga magoti mstari wa mbele aliinua kichwa kutoka sakafuni, akakuta kikoti kinamtazama tena, akasahau kulia.

"Huyu si mwenzetu," alimnong'oneza jirani yake Jomrye walipokaa kunywa mchuzi mwekundu wa msiba. "Ni kile kikoti. Tumesujudia kikoti."

"Kunywa," alisema Jomrye. "Mchuzi unapoa."

Chanzo chake kilikuwa wema. Miaka kadhaa nyuma walikuja watu wa kujitolea kutoka mjini, wakawapiga wazee wote picha za bure. Kwa adabu zinaitwa picha za maisha marefu, ila kila mtu anajua kazi yake: unaiweka kabatini, ukifa inatiwa utepe mweusi, inakaa katikati ya maua meupe, na watoto wako wanainamia hiyo. Wageni wale walileta kikoti kimoja tu, na mabibi wakapokezana kama ndoo kisimani. Bunnam siku hiyo alikuwa shambani akivuna pilipili. Akakosa picha. Aliporudi akasikitika. Baada ya msiba wa tatu akashukuru, akaapa moyoni kwamba yeye atakaa kwenye fremu akiwa na suti yake.

Hiyo suti ndiyo hadithi yenyewe, kwa hiyo nisikilizeni vizuri, maana katika mambo ya nguo Dolmoe nzima hakuna wa kunifundisha. Ilikuwa ya sufu nyepesi, rangi kati ya kijivu na kahawia, kama gome la msonobari likilowa. Koti halina nakshi. Vifungo ni rangi ile ile ya kitambaa, mpaka uvitafute. Sketi inapita goti kidogo, blauzi ya rangi ya maziwa bila lesi wala marinda, viatu vya kisigino kifupi. Basi. Ukiitupia jicho la haraka utasema mbona hamna kitu. Ndiyo ujanja wake.

Ujanja huo Bunnam aliuona kwa Mwalimu Nam. Bunnam aliolewa Dolmoe akiwa na miaka kumi na tisa, na mara tu baada ya hapo shule ilileta mwalimu huyo wa kike, akapanga chumba chao cha uani. Ikafika vuli, majani ya mlima mzima yakawa mekundu, pilipili zikaanikwa kila paa na kila kando ya barabara, kijiji kizima kikawa kinapiga kelele kwa rangi. Katikati ya kelele hiyo Mwalimu Nam akatoka asubuhi na koti la kahawia na sketi ya kijivu, nywele kazifunga nyuma, akapita zake. Hakuna kilichomeremeta. Lakini wanaume waliokuwa wakitukanana juu ya mpaka wa shamba waliteremsha sauti wenyewe. Bunnam, na suruali yake ya maua yenye mpira kiunoni, mikono ikimwasha pilipili, alisimama kumtazama mpaka mama mkwe akamwuliza kama kapigwa na jua.

Ikapita miaka ishirini na ushee. Mtoto wake Gitae alipopata chuo jijini Daegu, mama akaenda naye kumsindikiza, na akiwa huko akaingia duka la nguo. Mwenye duka akamtolea mashati ya chui, sweta za kumetameta, koti lenye tausi mgongoni.

"Mama, hili litakuondolea uzee!"

"Sitaki kitu kinachosema," alisema Bunnam. "Nitolee kinachonyamaza."

Mwenye duka akapekua nyuma, akarudi na ile suti, kaishika kwa vidole viwili kama aliyeshika panya. "Hii ni ya walimu, mama. Itakufifisha."

"Ndiyo hiyo."

Mumewe, mtu ambaye maneno yake ya mwaka mzima yangeenea kwenye kikombe, alimwona akishuka basi la kijiji, akatoa sigara mdomoni. "Umekuwa mtu wa benki," alisema. Hakuongeza kitu mpaka alipokufa, na wala haikuhitajika. Aliyekuwa na mume wa namna hiyo anajua uzito wa maneno manne.

Aliivaa siku chache mno. Suti ile ni ya vuli peke yake: kiangazi inachoma, wakati wa baridi upepo unaingia kama mlango umesahauliwa. Na vuli ndipo pilipili zinapotaka watu. Kwa hiyo ilikaa kabatini ndani ya karatasi, na yeye akaendelea na suruali ya maua.

Sasa, asubuhi moja, kipaza sauti cha kijiji kikakohoa. "Aa, aa, moja mbili. Ndugu wanakijiji, ni mimi mwenyekiti wenu Chu Dongpal. Kesho kutwa wapiga picha wanarudi. Aliyekosa safari ile asikose. Na aliyemwaga mbolea mbele ya ukumbi wa wazee, tunakujua."

Ukumbini, mabibi wamekaa kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini wakicheza karata, Bunnam akatangaza nia yake.

"Suti?" Jomrye aliangusha karata. "Kwenye picha ya matanga? Mama Gitae, unakwenda mbinguni kuomba kazi ya ukarani?"

"Wakinipa nitafanya."

"Watu watakuja kukulilia, wewe umewakalia kama unawanyima mkopo!"

Mabibi wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Bunnam naye akacheka. Lakini siku ya picha, Jomrye huyo huyo ndiye aliyekuja alfajiri na pini, kwa sababu Bunnam alikuwa amepungua mwili na koti lilimning'inia kama la kuazima. Akalibana kwa nyuma, pini baada ya pini, akasema, "Usigeuke. Mbele mwalimu, nyuma nungunungu."

Wapiga picha walitandika kitambaa cha buluu ukumbini. Na nani anamngojea pale mlangoni, kanyooshwa mikono kwenye hanga? Kikoti cha waridi. Msichana wa kujitolea akamjia nacho akitabasamu.

"Bibi, njoo nikuvishe."

"Hapana, mwanangu. Nimeshavaa."

"Aa bibi, usione haya, ni bure!"

"Hapana, asante. Niko sawa."

"Kidogo tu, bibi, utapendeza!"

"Nakuomba, mwanangu. Hapana."

Msichana akakubali. Bunnam akaketi, magoti pamoja, mikono juu ya sketi, akatazama lile jicho jeusi la kamera kama Mwalimu Nam angelitazama. Mpiga picha, kijana mwenye haraka, akabonyeza. Bunnam akarudi nyumbani kwa miguu bila kuvua suti, akapita njia ndefu.

Hapa ndipo nawaomba mkumbuke adabu za Dolmoe. Ukimkaribisha mtu wali, anakataa. Ukimkaribisha tena, anakataa, mkono tayari uko kwenye kijiko. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na anayekataa mara tatu ni mtu mwenye heshima kubwa, kwa hiyo unamjazia bakuli kwa nguvu. Na Mwenyekiti Chu, mtu mwema kuliko wote tulionao, alikuwa amesimama pembeni akihesabu.

Picha zilirudi zimefungwa kwenye plastiki ya malengelenge. Mwenyekiti hakungoja Bunnam aje. Aliibeba yake mwenyewe mpaka ukumbini, mabibi wote wakishuhudia, akaichana plastiki kwa meno.

"Shangazi, funga macho. Haya, fungua!"

Kichwa kilikuwa cha Bunnam. Mashavu yalipigwa pasi kidogo, lakini yake. Chini ya kidevu, kwa usafi wa kompyuta usioonyesha hata ufa, kilianza kikoti cha waridi. Safari hii utepe ulikuwa umenyooka.

"Nilikuona, shangazi," alisema mwenyekiti, na macho yalimlengalenga kabisa. "Ulikataa mara tatu! Hukutaka kuwasumbua vijana wa watu. Nikamfuata yule mpiga picha nje, nikamwambia, huyu bibi kajinyima kwa heshima yake, mfanyie hisani. Akasema kwenye kompyuta ni dakika tu. Wala hakudai kitu!"

Mabibi wakapiga makofi. Jomrye peke yake hakupiga.

Nyinyi mngefanyaje? Semeni. Mtu anayekuja kila asubuhi ya baridi kuangalia kama joto la sakafu yako linafanya kazi, anayekubebea gesi mgongoni, kakuletea zawadi na machozi juu. Bunnam alifungua kinywa. Kilichotoka ni, "Umejisumbua, mwenyekiti. Asante."

"Nitakutundikia mimi mwenyewe!"

Na akatundika, siku ile ile, msumari imara, mkabala na televisheni, kwa sababu alisema kitu kizuri hivyo hakifichwi kabatini. Tangu hapo Bunnam akila, yule mwanamke wa waridi anamwangalia anavyotafuna.

Alijaribu kimya kimya. Alimpigia mpiga picha simu.

"Ile ya suti, mwanangu, unayo?"

"Tukishapeleka tunafuta, bibi. Mashine inajaa. Kwani ina kasoro?"

"Haina."

Studio ya pale mjini ilishageuka duka la kahawa. Na hata ingekuwepo, haya: picha ya pili ataitundika wapi, na msumari wa kwanza atamwambia mwenyekiti umetoka peke yake? Akampigia Gitae, anayekaa Ansan, akamweleza yote tangu mwanzo.

"Mama, nzuri. Mwenyekiti alinitumia kwenye simu. Umekuwa kama msichana."

"Mimi nataka ile suti, Gitae."

"Mama, mambo ya matanga tusizungumze, naomba. Unanitisha. Umekula?"

"Nimekula."

"Basi vizuri. Nikija tutaongea."

Alipokata simu alibaki ameishika. Akafikiria atazikwa na nini. Lakini hilo nalo lilikwisha kuamuliwa: vazi la katani la maiti lilikuwa tayari kabatini, mumewe alinunua mawili, lake na la mkewe, na hakuna mtoto wa Dolmoe atakayemfukia mama yake kwa nguo ya dukani akaweza kutembea barabarani tena. Ukutani waridi. Chini ya udongo katani. Alihesabu upya akitafuta mahali ambapo suti ingeingia, akapata mahali pamoja tu: sasa, akiwa hai, mchana.

Kesho yake akaivaa kwenda kugeuza pilipili.

"Mama Gitae!" mmoja aliita kutoka shambani. "Unakwenda wapi hivyo?"

"Siendi popote."

Aliivaa ukumbini kwenye karata. Aliivaa kupeleka takataka. Akaivaa kusimama kituo cha basi na kulitazama basi likiondoka. Mwenyekiti alifika kuangalia sakafu, akamkuta anamenya vitunguu saumu na koti la sufu, akauliza kwa upole kama leo kuna wageni. Nyuma ya mgongo wa Bunnam watu wakaanza kusema ni kichwa hicho, kimeanza, Gitae aambiwe. Na Gitae akaambiwa, akapiga simu kila jioni kumwuliza mama yake leo ni siku gani ya wiki. Bunnam akawa anamjibu sawasawa, na kila alivyojibu sawasawa ndivyo sauti ya mtoto ilivyozidi kuwa na huruma.

Kama vuli ingempa nafasi, pengine macho yangezoea. Lakini mnajua vuli zetu za siku hizi. Joto lilichelewa kuondoka, na lilipoondoka liliondoka usiku mmoja, likaacha jalidi nyeupe juu ya kabichi. Sufu ile nyepesi haikufaa kitu. Kifua kikambana, akakohoa, akashindana na baridi kidogo, mwishowe akachukua kizibao cha pamba nene chenye maua mekundu, kama cha kila bibi kutoka hapa mpaka mjini, akakivaa juu ya koti. Akaongeza suruali ya maua chini ya sketi. Kilichobaki kuonekana ni ukingo wa sketi tu, kidogo, unyevunyevu.

Jomrye alimkuta hivyo siku ya kutia kabichi chumvi, wameinama wote wawili kwenye beseni, mikono myekundu kwa baridi.

"Umeivaa bado?"

"Ipo ndani."

"Haionekani."

"Najua haionekani."

Jomrye alipindua kabichi, akaikandamiza. "Mimi nikija kukusujudia," alisema, "nitafumba macho. Nitakuona nayo. Na zile pini."

Bunnam alichukua kabichi nyingine. "Je, ukitangulia wewe?"

Jomrye je? Yeye picha yake ilipigwa safari ile ya kwanza. Ipo kabatini kwake, ya waridi, utepe kombo.

"Basi tena," alisema. "Nipe chumvi."