Jetoni za Mgiriki

Nikisikia harufu ya majivu yaliyolowa, lazima nitoke jikoni. Wakwe zangu wanadhani ni maringo ya mtu aliyezoea sabuni ya dukani, nami nimewaacha wadhani hivyo. Nyinyi nitawaeleza, kwa sababu ninazeeka na jambo hili sijamwambia mtu.

Tulikaa Saio, mtaa wa hapa hapa Bunia, katika nyumba ya vyumba viwili. Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika klabu ya wazungu, akiwapelekea vinywaji wachezaji wa karata, amevaa koti jeupe lenye vifungo vya shaba. Biashara za wageni zilipochukuliwa na serikali na kupewa wananchi, Mgiriki mwenye klabu alifunga virago kwa siku mbili. Hakuwa na mshahara wa kumwachia baba. Alimwachia sanduku la mbao lenye jetoni arobaini, vile vidude vya duara ambavyo wachezaji huwekeana mezani badala ya fedha wanapocheza poka. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Miaka kumi na mbili ya kazi, na weye unatuletea vifungo ya koti!"

Lakini baba alizijua. Miaka yote aliyosimama nyuma ya viti vyao alikuwa akiwasikiliza wazungu wakijivunia vitu vyao. Jumapili baada ya misa aliniketisha kizingitini, mimi binti yake wa kwanza, miaka tisa, akanipa moja mkononi. Kwanza niisikilize. Aliigonga kwenye jino lake, kisha kwenye langu.

"Sikia, mama. Plastiki iko bubu. Hii iko inaimba."

Ya udongo, alisema, ukiipumulia inanukia mvua ya kwanza. Ya mfupa ina vitone vyeusi, vidogo kama ncha ya sindano, pale damu ilipopita mnyama alipokuwa hai. Ya pembe ya tembo haina vitone. Ina mistari myembamba inayopishana kama nyuzi za wavu, na mpaka uiinamishe juani ndipo uione. Zetu zilikuwa na wavu. Kila moja ilichongwa ua katikati na maduara mawili ukingoni, na ndani ya michongo hiyo mlikuwa na rangi nyekundu iliyofifia, pamoja na uchafu wa kahawia wa vidole vya watu waliokwisha kufa. Niliweza kuzitambua nimefumba macho. Baba aliwatambia majirani kwamba binti yake ana masikio ya Mgiriki.

Kisha mama akaanza kuvimba tumbo, na haikuwa mimba. Hospitali ya misheni walisema apasuliwe haraka, wakataja fedha ambazo nyumba yetu haikuwahi kuziona. Baba akauza baiskeli; haikufika hata nusu. Ndipo akasikia kwamba kuna mzungu anayenunua vitu vya kale, amefikia Iga Barrière, nje ya mji, kwa mfanyabiashara mmoja. Akavaa koti lake jeupe, akatia jetoni moja katika mfuko wa kifuani, akapanda lori. Alirudi anatembea kama kijana. Mzungu aliitazama kwa kioo cha jichoni, akasema ina umri wa karibu miaka mia, na kama zile nyingine zote ziko kama hii, atatoa fedha za upasuaji na zaidi. Angekuja kwetu Alhamisi aone mwenyewe.

Kwetu mgeni hapokelewi kwa vyombo vyenye masizi. Ni aibu ya nyumba nzima. Jumatano, baba alipokwenda kutafuta kuku, mama aliniita kutoka mkekani alipokuwa amelala.

"Mugeni iko anakuja kesho, mama. Vyombo yote ing'are. Mugeni njoo, mwenyeji apone."

Alitabasamu alipofika kwenye "apone". Nilisugua sufuria, sahani, birika, hata miguu ya kiti. Halafu nikaona sanduku. Kile mgeni anachokuja kukitazama ndicho kiwe kichafu? Nikachukua majivu, mchanga wa mtoni na gunzi la hindi, nikasugua moja moja, mpaka maji yakawa mekundu kidogo, kisha kahawia, na vidole vikaniwaka. Nikazianika juu ya kitenge. Zilikuwa nyeupe kama meno ya mtoto. Mama alinyanyua shingo, akazitazama zote.

"Uko na mikono muzuri," akasema.

Tukakubaliana tusimwambie baba, iwe zawadi.

Mgeni alikuja, akapewa chai, na baba akafungua sanduku. Nilisimama mlangoni na birika, nikingoja kusifiwa. Mzungu aliinua moja akaiinamisha. Akachukua ya pili, ya tatu, ya kumi. Akapitisha kucha kwenye ua, akasema neno moja la Kifaransa kwa sauti ya chini. Baba alivitazama vidole vyangu, bado vimechubuka. Kisha akamtazama mama mkekani, naye mama alikuwa akinitabasamia. Baba akamjibu mzungu kwa maneno machache, akijigusa kifuani. Nilidhani anamshukuru. Mgeni akamaliza chai yake kwa adabu, akaondoka mikono mitupu.

"Muzungu anabadilisha roho," baba alituambia. "Haiko kosa ya mutu." Akaniwekea mkono kichwani. "Weye ulisafisha muzuri sana, mama. Aksanti."

Aliuza cherehani, akauza mabati ya jikoni. Mama alipasuliwa msimu wa mvua uliofuata, na madaktari walipoona uvimbe ulikofika, walimshona tu wakamrudisha. Alifariki kabla mahindi yake hayajakomaa. Nikamchukia yule mzungu kwa moyo wangu wote, kwa miaka mingi.

Baba aliendelea kuvaa koti lake sikukuu. Mfuko wa kifuani alikuwa ameufunga kwa uzi mweusi, mshono mkubwa mkubwa wa mwanamume. Nilipomwuliza, alisema mfuko umetoboka. Mara ngapi nilitaka kuutia kiraka! Alikataa kila mara.

Alipofariki nilikuwa tayari na watoto wanne. Nikalipeleka sanduku Kampala, kwa mzee mmoja wa Kihindi anayeuza vitu vya kale, nikijivunia masikio yangu ya Mgiriki. Alizitazama, akashusha pumzi.

"Mama, nani alizisugua? Ile rangi na ule uchafu ndiyo ilikuwa bei yake."

Nikalifunga sanduku, nikapanda basi la kurudi. Baba alinifundisha kuzisikiliza, kuzinusa, kuzitazama juani. Hilo moja alisahau kunifundisha, na siku alipolikumbuka alijigusa kifuani akajitwika kosa mbele ya mzungu, kisha akalimeza, kwa ajili yangu na kwa ajili ya mama. Sijui kama fedha zile zingemponya. Labda. Hiyo labda ndiyo ninayolala nayo.

Nilipofika nyumbani nilitoa koti lake, nikafumua ule uzi mweusi. Jetoni ya arobaini ilikuwa humo, na ua lake jekundu, na uchafu wake wote. Nikaiweka kando ya moja ya zile nyeupe. Hata mtoto wa miaka tisa angeona tofauti. Kisha nikatia kidole katika mfuko wa baba, nikapapasa pembe zote, polepole. Haukuwa na tundu.