Chungu Kilichonyamazishwa

Jua halijaufikia ua wa karakana yake mjini Bwera, na Bulandina Masika amekwisha kukaa kigodani, akiviringisha vigololi vya udongo vidogo kama punje za kahawa. Kila kimoja anakichora kwa ncha ya msumari, anakiacha kikauke kidogo, kisha anakifunga kwa kipande cha gazeti kuukuu.

"Hii karatasi itaungua mu tanuri," anasema bila kuinua macho. "Bila karatasi, inashikana na udongo. Chungu inabaki bubu."

Vigololi huingizwa katika uwazi ulio ndani ya kitako cha chungu, kisha kitako hufungwa, na tundu la kupumulia, jembamba kama sindano, huachwa wazi. Chungu kikishachomwa, ukikitikisa kinanguruma kwa sauti ya chini, kama mawe yanayoviringika mtoni.

Ngurumo hiyo si mchezo. Bulandina alikulia Kasese, kando ya mto Nyamwamba. Mto ulipofurika, mawe yalitangulia maji. Mama yake, mfinyanzi pia, aliyasikia yakigongana huko juu, akapiga kelele: "Amukeni! Mawe inatembea!" Wote wakakimbilia mwinuko. Nyumba na tanuri vikachukuliwa. Walichosalimika nacho ni uhai wao, na uhai huo walipewa na sauti.

Baadaye Bulandina alisomea sanaa chuoni Kampala, akarudi kufinyanga milima ya Rwenzori: vyungu virefu vilivyosimama kama maua ya lobelia, mabakuli yenye mikunjo ya mabonde, kuta zenye rangi ya kuvu ya kijani ya mawe. Kila chungu kina mto wake kitakoni, na jina lake chini ya kitako.

Kwa miaka kadhaa alimuuzia Zedekia, mchuuzi wa vitu vya sanaa mjini Kasese. Hakujua vilikokwenda, hadi Shafic, dereva wa lori la mizigo aliyevizoea vyungu vyake, aliposimama mlangoni mwake.

"Mama, pole ya msiba," alisema Shafic.

"Msiba ya nani?"

"Yako! Vyungu yako niliiona kule upande wa Mweya kwa mbuga ya wanyama, mu duka ya hoteli. Bameandika ulishakufa."

Bulandina alicheka. Kisha akachukua kitambaa chake cha kichwa, akapanda lori.

Dukani alivikuta vyungu vyake vimepakwa masizi na mafuta machafu ya gari ili vionekane vimefukuliwa. Jina lake lilikuwa limesuguliwa hadi likafutika. Kibao kilisomeka: "Vyungu vya kale vya milimani. Mfinyanzi hajulikani, kizazi chake kimekwisha."

"Mama, usiguse," alionya Mackline, muuzaji wa duka. "Hiyo iko ya zamani. Mwenye aliitengeneza alishakufa."

"Alikufa na nini?"

"Mi sijui, mama. Uzee, labda."

Bulandina alikitikisa kimoja. Kimya. Cha pili, kimya. Alikipindua akaona kitako kimetobolewa na kuzibwa kwa nta iliyotiwa masizi. Vigololi vilikuwa vimetolewa. Alivijaribu vyote, kimoja baada ya kingine, hadi kidogo kuliko vyote kiliponguruma mkononi mwake. Hicho mchuuzi alikisahau.

"Sikia, binti yangu," alimwambia Mackline. "Maiti inaongea."

Mackline alicheka, kisha akaacha kucheka. Lakini meneja alikwisha kumwita mlinzi.

"Mama, toka. Sasa hivi."

"Afande, mimi ndiye mwenye kutengeneza."

"Nimesema toka!"

Alipoulizwa kwa simu na mwandishi wa habari hii, Zedekia hakukana lolote. "Kitu ikilia ndani, muzungu anasema imepasuka, anairudisha. Niliitengeneza tu," alisema. "Na ya zamani inatoka haraka. Hiyo ni maneno ya biashara, bwana."

Maneno ya biashara! Mtu huyu alisikia onyo lililowaokoa watoto kitandani, akalidhania ufa. Hoteli nayo, iliyopewa nafasi ya kumwonyesha mgeni msanii aliye hai, mwenye elimu na anwani, ikaona heri kumzika. Mgeni anaambiwa kwamba akili ya milima hii ilikwisha zamani, na kwamba waliosalia ni wa kubeba mizigo yake tu. Huo ni uongo, tena uongo unaouzwa mara kumi ya bei aliyolipwa mfinyanzi. Hadi habari hii inaandikwa, kibao hakijaondolewa.

Bulandina hataji bei. "Pesa nitatafuta," anasema. "Lakini kuniita maiti, na kutoa mutoni mawe yake? Hapana."

Hamuuzii tena Zedekia. Amekodi chumba Ibanda, kwenye barabara ya wapanda mlima, na anakusudia kukifungua mara vyungu hivi vitakapotoka tanurini. Shafic atavibeba vyungu, vimefungwa kwa majani makavu ya migomba. Anajua, hata hivyo, kwamba wachuuzi watakuja hata huko, wakijifanya wateja.

Anafungua karatasi moja na kukiweka kigololi kiganjani. Michoro ya msumari ni herufi: MASIKA. Kila kigololi kinayo.

"Sasa mwenye anataka kuninyamazisha, atoboe," anasema, akikifunga tena. "Nitamuangukia mukononi."