Nilikata Mkanda wa Konveya Nikampelekea Mama Mkwe

Jamani, mwenye kosa ni mimi! Msinitetee, wala msiseme shetani alinipitia, maana siku ile nilikuwa peke yangu stoo na kisu changu.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye yadi ya makaa ya mawe hapa Makambako. Makaa yakishushwa yanaingia kwenye krasha, mashine ya kuyaponda, kisha yanapanda konveya, ule mkanda mpana wa mpira unaozunguka juu ya rola. Pembeni wanakaa vibarua, wengi akina mama, wanaokota mawe. Mkanda usipozunguka, vibarua hawalipwi. Nilikuwa nalijua hilo vizuri sana.

Sasa nina mchumba, Tumaini, kwao Mjimwema pale Njombe. Mama yake alikuwa hajanikubali. Kila nikienda kusalimia wakati wa masika naingia na tope jekundu hadi sebuleni, na mama ananitazama miguu badala ya uso. Nikawa nawaza nimfurahishe vipi.

Stoo kulikuwa na mkanda mpya wa akiba, umeviringishwa. Nikakata kipande, kimoja tu, nikakipigilia misumari mlangoni kwake. Nyie! Mpira mzito, hautelezi, unafuta tope lote. Mama akaukanyaga, akaukanyaga tena, akacheka.

"Baba, hiki nacho kinaitwaje?"

"Hiki ni konveya, mama. Mitambo ya kisasa."

Siku hiyo nilichinjiwa kuku!

Ningeishia hapo labda leo nisingeandika. Lakini mama yumo kwenye umoja wa wanawake wa usharika, nao wakaja kuangalia. Mwenyekiti wao akataka. Jirani akataka. Mzee wa kanisa akataka cha mlango wa kanisa, na mimi ningemnyimaje Mungu? Nikawa kila nikienda Njombe nina begi zito. Tumaini akiniuliza, najibu ni mabaki. Mama akaanza kuniita "mkwe wangu" mbele za watu. Ningeachaje?

Halafu mkanda wa zamani ukakatika. Malori yamejipanga hadi barabarani! Fundi mkuu, Mzee Mlowe, akaja kuukunjua ule wa akiba. Akaenda hadi mwisho wake, akarudi.

"Kijana, mbona mfupi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Mdomo wangu ukasema, "Baridi, mzee."

"Baridi?"

"Inasinyaza mpira. Kitaalamu inaitwa kontraksheni."

Mzee Mlowe, aliyezaliwa kwenye baridi hiyo hiyo, akanitazama tu. Lakini meneja wetu ni mtu wa Tanga, anavaa makoti mawili hadi mchana. Akaamini palepale! Akaagiza mkanda upashwe moto.

Mweh! Tukawasha majiko ya mkaa kuuzunguka, kutwa nzima, mpepeaji mkuu mimi. Meneja anakuja na futi, anapima, anatikisa kichwa, anaondoka. Mkaa ukaisha, na makaa ya mawe yana moshi mno kwa majiko yale. Mama Zawadi, mmoja wa waokota mawe, siku hiyo hajapata hata senti, akaenda kwake akarudi na ndoo ya mkaa wake wa kupikia.

"Chukua mwanangu, labda mkanda utarefuka."

Nikaupokea! Nikaumimina kwenye jiko! Aibu ile bado ninayo.

Jumapili yake Mzee Mlowe alikwenda Njombe kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Akafuta viatu mlangoni pa kanisa lile lile. Akainama. Simu yangu ikaita.

"Kijana, habari njema. Mkanda umerefuka."

"Kweli, mzee?"

"Umefika mpaka Mjimwema."

Nilipita mlango kwa mlango nang'oa misumari, akina mama, Mzee Mlowe ameshawaeleza yote, wananitazama mikono kiunoni. Kwa mama mkwe sikuthubutu kukanyaga. Kesho yake akaja mwenyewe Makambako, kipande amekibeba kichwani, akakitua mbele ya vibarua wote. Tumaini alikuwa nyuma yake, macho yamevimba kwa kulia.

"Hawa ndio waliolala njaa ili mimi nisipate tope ndani?"

Akakisukuma kile kipande kwa mguu hadi mbele yangu.

"Basi posa yako siipokei. Siku hawa watakapokuja wenyewe kukuombea kwangu, tutaongea."

Mzee Mlowe aliviunga vipande kwa vibanio vya chuma, mkanda ukazunguka. Stoo nimetolewa. Nakaa na akina mama naokota mawe, na matundu ya misumari yangu yanapita mbele ya macho yangu kutwa. Nimemwomba msamaha Mama Zawadi, nikamwomba awe mshenga wangu. Anasema anafikiria. Kila asubuhi namuuliza, na kila asubuhi ananikabidhi jiwe kubwa kuliko yote nikalitupe.

Ndugu yangu unayesoma hapa ukiwa safarini kwa wakwe, na kwenye begi una kitu cha kazini ulichokiita mabaki: mwambie konda akushushe. Kirudishe leo! Ukweni nenda mikono mitupu.