Mfuko wa Bibi Harusi Pale Lungalunga

Hadithi hii inanifanya nionekane bwege, najua. Lakini kwetu Msambweni ishasimuliwa na kila mtu, hata wasiokuwapo, kwa hivyo bora niisimulie mwenyewe, angalau nijipunguzie aibu.

Dada yangu alikuwa anaolewa. Shangazi wa Tanga akanipa mfuko wa vitu vya bibi harusi niupeleke nyumbani, ameushona mdomo kwa uzi mwekundu.

"Humu mna vitu vya kike," akaniambia. "Mwanamume asivione, hata wewe. Vikionwa, somo atavikataa, na dada yako ataolewa mikono mitupu."

Somo ndiye mama aliyekuwa akimfunda dada yangu mambo ya ndoa. Ni mkali, hata mbuzi wa jirani humpisha njia. Nikaapa mfuko utafika kama ulivyo.

Pale mpakani Lungalunga, afisa wa forodha alikuwa na usingizi wake. Mama wa mbele yangu alikuwa na vikapu vimefura. Afisa akavibonyezabonyeza, akamwambia pita. Nami ningepita vivyo hivyo. Lakini nilikuwa nimesikia redioni kwamba askari hapekui nyumba ya mtu bila kibali cha mahakama, na tangu siku hiyo nilikuwa natafuta wa kumwambia.

"Mfuko huu haufunguliwi," nikasema, naye hajaniuliza kitu. "Lete kibali cha mahakama."

Usingizi ukamtoka. Akamwita mkubwa wake, mama wa makamo, miwani imemshuka puani. Nikampa shikamoo yenye adabu zote. Akaitikia marahaba huku anauvuta mfuko.

"Kibali ni cha nyumbani kwako, kijana. Hapa ni mpakani. Mzigo ukivuka, sheria inaturuhusu kuufungua bila kwenda mahakamani."

"Lakini mama, ni vitu vya kike. Nasikia mwanamke hukaguliwa na mwanamke mwenzake."

"Mwili wake. Mfuko hauna mke wala mume." Akachukua mkasi. "Ila una bahati, nitaufungua mimi."

Nikashusha pumzi, nikageuka nitoke nje.

"Unaenda wapi? Mwenye mzigo husimama hapa hapa aone. Kesho usije ukasema nimekuibia."

"Mama, nimeapa sitaviona!"

"Basi fumba macho."

Nikafumba. Wallahi nilisimama mbele za watu, viganja usoni kama mtoto anayecheza kibe. Uzi ukakatwa. Harufu ya udi ikatujaa sote. Kisha nikasikia shanga zinalia chwa, chwa, chwa, na foleni nzima ya wanawake ikapiga vigelegele.

"Jamani," mmoja akauliza, "bibi harusi ndiye huyu?"

Yule mama wa miwani akaufunga mfuko kwa kamba ya manila, akanipa. "Haya, pita. Hongera yake dada."

Kufika nyumbani, somo aliiona ile kamba kabla sijautua mfuko.

"Nani kaufungua?"

"Serikali."

"Serikali mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Pale pale, mama. Lakini nilifumba macho!"

Nikamweleza yote, tangu redio mpaka mkasi. Akauchukua mfuko, akauweka kwapani, akanitazama juu mpaka chini.

"Macho ya nini, mwanangu? Ungefumba mdomo."