Pumzi ya Kupulizia Makaa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Luanda Kotieno, kando ya ziwa, nilikohoa mpaka machozi yakadondokea samaki. Mkubwa wetu, tuliyemwita Mama Mwenye Tanuri, akanitazama. "Wewe umekuja kubanika au kuimba? Moto haungoji mtu akohoe."

Basi nikajifunza kumeza kikohozi. Kubanika mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, si kumchoma. Unampasua mgongoni, unamlaza kwenye waya juu ya tanuri la udongo, unamfunika kwa gunia lililoloweshwa maji, moshi usitoroke. Maganda ya miwa motoni ndiyo yanampa rangi ya dhahabu. Moto ukilala, unainama, unabana midomo, unapuliza makaa kwa pumzi ndefu, polepole, majivu yasiruke. Hapo hakuna aliyeniweza. "Huyu ana pumzi ya ng'ombe," Mama Mwenye Tanuri alisema, nami nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Baadaye nilijenga tanuri langu mtaani Obunga, ndani ya banda. Moshi ule ulisomesha watoto wangu. Halafu pumzi ikaisha. Kutoka mferejini hadi mlangoni nilisimama njiani kama gari bovu. Majirani wakanitengea kikombe, eti ni TB. Makohozi yakapimwa, si TB.

"Mama, ni moshi," daktari wa kifua akasema. "Mirija ya mapafu imebanana, haitarudi ilivyokuwa. Lakini utaishi nayo, ukiachana na moshi."

Akanipa pampu ya kuvuta dawa. Muuguzi akanionyesha kupumua: vuta kwa pua, bana midomo, toa polepole. Nikacheka hadi nikakohoa. "Binti yangu, hiyo ni ya kupulizia makaa! Nimeijua kabla hujazaliwa."

Mjukuu wangu Atieno, ambaye huniita Dani, yaani bibi, akasema, "Dani, nitabanika mimi. Wewe kaa." Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikamwambia avunje tanuri langu kwanza. Akajenga jingine nje, lenye mlango na bomba refu la kutoa moshi. Hakuna tanuri zuri kama hilo Obunga nzima.

Mimi sasa nakaa kwenye kiti, upande upepo unakotoka. Juzi upepo uligeuka wakati Atieno amefungua mlango wa tanuri. Nikaona kifua chake kinaruka, mdomo umefungwa, mikono inaendelea kugeuza samaki. Alikuwa anameza kikohozi.

"Atieno! Toka hapo, ukohoe!"

"Dani, wataungua!"

"Waache waungue. Njoo!"

Akaja, akakohoa, akaketi magotini pangu. Tukavuta kwa pua, tukatoa kwa midomo, polepole, hadi vifua vikatulia. Samaki waliungua upande mmoja. Tuliwala wenyewe, na ugali, hadi mifupa.